Shahada ya Kikorea ni ya Kazi Gani?



Anayepita Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, lile lililokatiza baharini kutoka Aga Khan hadi Coco Beach, anapita juu ya mkopo wa Korea Kusini na kazi ya wajenzi wa nchi hiyo. Ile treni ya umeme yenye pua ndefu ambayo watu wameibatiza jina la Mchongoko imeundwa huko huko. Friji, simu na luninga za Korea zimejaa majumbani mwetu, na jioni watoto hawatuachii luninga kwa sababu ya tamthilia za Kikorea. Hakuna anayeona ajabu. Lakini kijana akisema anataka kwenda chuo kikuu kusoma lugha yenyewe ya Kikorea, watu hucheka.

Mzazi mmoja ameniandikia barua kuhusu jambo hili. Binti yake amemaliza kidato cha sita, anataka shahada ya lugha na utamaduni wa Korea, na baba anauliza: ni ya kazi gani? Atarudi awe mfasiri wa nyimbo? Swali ni la haki, maana ada inatoka mfukoni mwake. Basi na tulijibu kwa haki.

Kwanza, mzee asidhani kwamba binti anakimbilia somo rahisi. Chuo kinachowafundisha mabalozi wa Marekani lugha za kigeni kimetenga wiki zipatazo 36 kwa Kiswahili. Kwa Kikorea kimetenga 88. Ugumu hauko katika herufi. Herufi zake ni 24 tu, na zilibuniwa makusudi ziwe nyepesi. Mfalme Sejong aliziunda mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, kwa kuwa raia wa kawaida walishindwa kuandika kwa herufi nyingi za Kichina. Wapo wasomi wa ikulu waliompinga, na si ajabu: aliyetumia nusu ya maisha yake kujifunza kuandika hapendi kuona mpishi akijifunza kwa siku chache.

Ugumu uko katika adabu. Sisi tunajua kwamba jirani huambiwa amefariki dunia, na mbuzi amekufa. Mkorea anafanya hivyo karibu katika kila sentensi. Kitenzi hukaa mwisho, na mkia wa kitenzi hicho ndio unaoonyesha kama unazungumza na mkubwa, na mwenzako au na mtoto. Mwanamume humwita kaka yake mkubwa kwa neno moja, hyeong, na mwanamke kwa neno jingine, oppa. Wazee wetu wa pwani, waliokuwa na neno umbu kwa ndugu wa jinsia nyingine, wasingeshangaa sana. Ukitaja saa, Mkorea anatumia namba zake za asili. Ukifika kwenye dakika anahamia namba zenye asili ya Kichina. Tusimcheke. Sisi tunahesabu moja hadi tano kwa Kibantu, tunaazima sita na saba kwa Mwarabu, tunarudi nyumbani kuchukua nane, kisha tunaazima tena tisa.

Lakini sarufi peke yake haitoshi kuitwa shahada. Neno utamaduni katika jina la masomo hayo lina uzito wake, na hapa naomba subira yenu kidogo.

Japani iliitawala Korea kuanzia mwaka 1910 hadi 1945. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Kikorea kilisukumwa nje ya shule, na mwaka 1940 watu wakaanza kushurutishwa kuchukua majina ya Kijapani. Katika miaka hiyo kikundi cha wasomi kilikuwa kikikusanya maneno ya kamusi. Hawakuwa na bunduki, walikuwa na karatasi. Mwaka 1942 polisi wakaanza kuwakamata, wakawatesa, na karatasi zao zikachukuliwa ziwe ushahidi wa uhalifu. Wawili kati yao, Yi Yun-jae na Han Jing, walifia kizuizini. Vita vilipokwisha, mwezi Septemba mwaka 1945, marundo ya maandishi yale yalikutwa ghalani katika stesheni ya reli ya Seoul. Kitabu cha kwanza cha kamusi hiyo kilitoka mwaka 1947. Cha sita na cha mwisho kilitoka mwaka 1957, baada ya vita vingine kupita katikati na nchi kugawanyika vipande viwili.

Asiyejua habari hiyo anaweza kuagiza chakula Seoul bila shida. Ila hataelewa kwa nini Wakorea Kusini wameifanya tarehe 9 Oktoba kuwa sikukuu ya taifa kwa ajili ya herufi. Tofauti hiyo ndiyo inayolipiwa ada ya chuo kikuu.

Sasa tuje kwenye mkate, maana mzee hakuuliza habari za wafalme. Mwingereza Deborah Smith alimaliza shahada ya fasihi ya Kiingereza, ndipo akaanza Kikorea akiwa mtu mzima na kwenda kukisomea SOAS, chuo cha London. Mwaka 2016 riwaya ya Han Kang aliyoifasiri ilipata tuzo kubwa ya Booker ya kimataifa, na mwandishi na mfasiri wakagawana fedha nusu kwa nusu. Mwaka 2024 Han Kang akapata Nobeli. Wakosoaji lakini walimkuta Smith na makosa: mahali pamoja neno bal, yaani mguu, lilitafsiriwa kama pal, yaani mkono. Mimi kwa maoni yangu makosa hayo hayamfuti, ila yanaonyesha kwa nini watu wanahitaji miaka darasani. Chuoni hapo hapo SOAS anafundisha Ida Hadjivayanis, aliyeifasiri riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Wakorea walisoma mshindi wao wa Nobeli kwa lugha yake na yao tangu siku ya kwanza. Sisi tulimngoja mfasiri.

Sitamficha mzee: shahada ya lugha tupu, bila ufundi mwingine, ni fimbo nyembamba. Atakayeajiriwa haraka ni yule mwenye Kikorea pamoja na sheria, au uchumi, au uhandisi, anayeweza kuusoma mkataba wa mkopo katika lugha ya aliyeuandika. Vyuo vingi vinaruhusu kuunganisha masomo mawili, na binti aulize hilo mapema. Aulize pia kama kozi inampeleka Korea mwaka mzima, isiyompeleka, aiache.

Na kwa anayedhani jambo hili ni la wendawazimu wa upande mmoja, huko Korea Kusini kuna Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, ambako vijana wa Kikorea wanakaa darasani wakihangaika na ngeli za Kiswahili. Nina hakika baba zao nao huuliza ni ya kazi gani.

Ushauri wangu kwa mwandishi wa barua ni huu. Kabla hajatoa hata senti, ampe binti miezi mitatu. Herufi zote zinaisha kwa juma moja, kwa hiyo zisimdanganye. Ajifunze kutaja saa, kumsalimu mkubwa na kuagana na mdogo, na asome ukurasa mmoja bila picha. Wanaopewa ufadhili wa serikali ya Korea kusoma shahada huko hutumia mwaka mzima kwa lugha kwanza, na ni lazima wafikie ngazi ya tatu katika mtihani wenye ngazi sita, uitwao TOPIK, ndipo waingie darasani na wenzao. Ikiwa miezi mitatu itapita na binti bado anataka kujua kwa nini kitenzi kinakaa mwisho, mzee aanze kutafuta nauli.