Chazo, Chuku na Nyangumi

Kipindi cha leo kinamhusu nyangumi, lakini nitaanza na samaki ambaye nyangumi hamhesabu kuwa kitu.

Mliokulia pwani mnamjua chazo. Mwembamba, mrefu, kichwa bapa kama kilichokanyagwa, na juu ya kichwa hicho ana bamba lenye mifereji ambalo hujibandika nalo kwa papa, kwa kasa, hata kwenye mkuku wa jahazi. Akishanata, kumvuta nyuma ni kazi bure, sharti umsukume mbele. Wataalamu wanasema bamba lile ni pezi la mgongoni lililogeuka umbo. Chazo hapotezi nguvu kuogelea iwapo kuna wa kumbeba.

Wavuvi wa mwambao wetu walimtia kazini zamani. Mwaka 1884 jumuiya ya elimu ya wanyama ya London ilichapisha maelezo ya Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar, kuhusu namna wavuvi wa Afrika Mashariki walivyovua kasa kwa chazo. Hufungwa kamba mkiani, huachiwa majini karibu na kasa, hujibandika gambani, na mwenye kamba huvuta polepole mpaka kasa anafika ubavuni mwa chombo. Holmwood alistaajabu. Wavuvi, nadhani, waliustaajabia mshangao wake.

Sasa ruka miaka 102. Mwaka 1986 mwanabiolojia wa bahari wa Marekani, Greg Marshall, alikuwa akipiga mbizi huko Belize, Amerika ya Kati. Papa akapita karibu yake, chazo kajibandika mwilini. Kidogo papa akatokomea kwenye maji yenye kiza, na chazo akaenda naye. Marshall akabaki na mtungi wake wa hewa, na wivu. Yule samaki mdogo alikuwa anakwenda kuyaona mambo ambayo mpiga mbizi hatayaona maisha yake yote. Wazo likamjia hapo: kwa nini kamera isikae mahali pa chazo?

Lakini ngoja kwanza. Kabla ya hapo tulijuaje habari za nyangumi huko chini? Jibu fupi ni kwamba tulipiga chuku. Kila bandari ilikuwa na hadithi yake. Ambari, ile inayotoka tumboni mwa nyangumi na ambayo mwandishi wa Kiarabu al-Masudi aliitaja katika habari za bahari ya Zanji tangu karne ya 10, iliuzwa kwa karne nyingi huku watu wakibishana inatoka wapi. Wengine walisema ni chemchemi chini ya bahari. Mwili wa nyangumi ulijulikana, maana aliletwa ufukweni akiwa maiti. Maisha yake hayakujulikana.

Hata sayansi ilipoanza kupima, ilianza na maiti. Mwanasayansi Per Scholander, aliyefanya kazi yake Norway, alitengeneza kipimo cha kina, kijibomba cha kioo kilichoonyesha maji yalivyosukumwa ndani kwa nguvu ya bahari. Akakifunga kwenye chusa cha wawinda nyangumi. Katika taarifa yake ya 1940 yumo nyangumi aliyechomwa chusa akazama zaidi ya mita 350. Yaani ili ujue alikofika ilikubidi umchome kwanza, na kilichopimwa ni mbio za mnyama anayekufa. Kisha kukawa na nyaya za telegrafu za baharini. Mwaka 1957 mtafiti Bruce Heezen alikusanya taarifa 14 za nyangumi walionaswa kwenye nyaya hizo, mmoja kwenye kina kinachopita mita 1,100. Meli ya mafundi inavuta waya uliokatika, waya unakuja na nyangumi wa ambari aliyejiviringa humo. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yetu.

Aliyeigeuza njia ni mtafiti Gerald Kooyman, na chombo chake kilikuwa saa ya jikoni, ile ya kuhesabu dakika za kuchemsha mayai. Katika miaka ya 1960, huko McMurdo, Antaktika, aliiunganisha saa hiyo na kipimo cha kina pamoja na kipande cha kioo kilichopakwa masizi, akamvalisha sili. Saa ikizunguka, sindano inachora kwenye masizi. Ujanja wake haukuwa katika saa tu. Sili wa huko hupumulia kwenye tundu la barafu, na akizama lazima arudi kwenye tundu. Kooyman alikaa tunduni akasubiri. Mnyama mwenyewe ndiye aliyemletea matokeo, akiwa mzima.

Nyangumi hana tundu la kurudia. Hana manyoya ya kugandishia gundi, hana shingo ya kufungia mkanda, na ngozi yake inateleza kama kambare. Hapa ndipo chuku inaporudi, safari hii chuku ya kweli, ile ya kuumika. Anayejua vikombe vya hijama hahitaji maelezo marefu: kikombe cha mpira kinabanwa, hewa inatoka, kinashika ngozi. Mtafiti anasimama mbele ya boti ndogo akiwa na upondo mrefu mwepesi, kifaa kiko kwenye ncha yake. Boti inamsogelea nyangumi anapoibuka kupumua, na ana sekunde chache tu za kukipachika mgongoni kabla mgongo haujapotea. Mara nyingi anakosa. Saa kadhaa baadaye vikombe vinaachia, kifaa kinaelea na kutoa ishara ya redio, na watu wanaanza kukitafuta kati ya mawimbi. Kisipopatikana, kila kilichorekodiwa kimepotea nacho.

Kamera ya Marshall, iliyopewa jina la Crittercam, ilianza kwa kasa na papa, na shirika la National Geographic likaibeba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipandishwa migongoni mwa nyangumi wa ambari. Clyde Roper, bingwa wa ngisi kutoka Smithsonian, alitumaini nyangumi hao wangempeleka kwa ngisi mkubwa ajabu, ambaye wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kumpiga picha akiwa hai kilindini. Nyangumi walizama na kamera zao. Ngisi hakuonekana. Alikuja kupigwa picha na Wajapani mwaka 2004, kwa chambo na subira, bila nyangumi yeyote wa kubeba kamera.

Nalitaja hilo kwa sababu kamera ina udhaifu mkubwa: kilindini ni giza tupu. Kwa hiyo wengine waliamua kusikiliza. Mark Johnson na Peter Tyack wa taasisi ya Woods Hole, Marekani, walieleza mwaka 2003 kifaa chao kilichoitwa DTAG. Hakina jicho. Kinarekodi sauti, kina, na kila mgeuko wa mwili. Kwangu mimi, hicho kimefundisha mengi kuliko kamera, ila hakipendezi kwenye televisheni. Siku hizi vyote viwili vimo ndani ya kifaa kimoja, na hapo ndipo raha inapoanza.

Chukueni mfano wa Stellwagen, mlangoni mwa ghuba ya Massachusetts, Marekani. Kwa miaka mingi watu waliona nyangumi wa nundu wenye mikwaruzo tayani, mara nyingi upande wa kulia, wakahisi kwamba wanasugua chini. Namba za vifaa zikaonyesha kwamba nyangumi hao hufika sakafuni na kujipindua ubavu. Kamera, katika utafiti wa akina Colin Ware na David Wiley uliochapishwa 2014, ikaonyesha kilichobaki: mnyama mkubwa kuliko basi akipita taratibu juu ya mchanga, akichota samaki wembamba wanaojifukia humo. Habari hiyo haikuwafurahisha watu wa huko, kwani sakafu hiyohiyo ndiyo penye madema ya kambakoche na kamba zake.

Au Antaktika, 2018. Kifaa kiliwekwa mgongoni mwa nyangumi minke, vikombe vikaanza kuteleza mpaka ubavuni. Mtafiti yeyote angeona kazi imeharibika. Kumbe kamera ilikuwa imehamia mahali pazuri zaidi: ilionyesha koo likivimba na kunywea, mnyama akimeza uduvi na kuchuja maji kila baada ya sekunde 10 hivi, bila kupumzika. Hakuna aliyepanga pembe hiyo ya picha.

Mwaka 2019 kundi la Jeremy Goldbogen wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitangaza mapigo ya moyo wa nyangumi buluu, yaliyopimwa kwa kifaa cha vikombe vinne huko Monterey, California. Akizama, moyo ulishuka hadi mapigo 2 kwa dakika. Akipumua juu, ulifika 37. Miaka miwili baadaye, kutokana na vifaa vilivyowahi kubebwa na nyangumi 321, Matthew Savoca na wenzake walionyesha kwamba nyangumi wasio na meno hula mara tatu ya tulivyodhani. Nyangumi buluu wa Pasifiki ya Kaskazini anaweza kula tani 16 za uduvi kwa siku. Lori la kokoto, wasikilizaji, kila siku ya msimu.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wa nundu hupanda kutoka Bahari ya Kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto, na walioko Watamu, Mafia na Zanzibar huwaona wakirusha maji juu. Wengine huenda kwenye mlango bahari wa Sainte-Marie, kaskazini mashariki mwa Madagaska. Huko watafiti, Wamadagaska wakiwemo, wamepachika vikombe migongoni mwa ndama. Taarifa yao ya 2022 inasimulia kilichoonekana kwenye kamera: ndama anajipenyeza chini ya tumbo la mama, ananyonya kidogo, anapanda kupumua, anarudi tena.

Na kule Exmouth, magharibi mwa Australia, DTAG zilizowekwa kwa mama na watoto ziliwahi kutoa jambo jingine, lililochapishwa 2017. Tunamjua nyangumi wa nundu kwa nyimbo zinazosafiri maili nyingi baharini. Hizo ni za madume. Mama na ndama wake walirekodiwa wakinong'onezana: mikoromo midogo, milio hafifu, na msuguano wa ngozi kwa ngozi ndama anapomwegemea mama. Watafiti wanadhani ni hadhari, wasije wakasikiwa na nyangumi wauaji wanaowinda watoto, au na madume yanayomtafuta mama. Sauti hizo ni ndogo mno hata mtu aliye kwenye boti, akishusha maikrofoni majini, huenda asizisikie. Zilisikika kwa sababu kifaa kilikuwa kimelala juu ya ngozi yenyewe, alipozoea kulala chazo.