Mkate Usiongoja Kesho

(Dominika ya 18 ya Mwaka B: Kut 16:2-4, 12-15, Efe 4:17, 20-24, Yn 6:24-35)



Masomo ya Dominika hii yanatuketisha mezani. Waisraeli wananung'unika jangwani wakivikumbuka vyungu vya nyama vya Misri, na Mungu anawanyeshea mkate kutoka mbinguni. Katika Injili makutano wanamfuata Yesu ng'ambo ya ziwa kwa kuwa jana yake walishiba, naye anawaeleza kwamba mkate wa uzima ni yeye mwenyewe.

Lipo hata hivyo jambo moja katika habari ya mana ambalo somo la leo limeliruka. Mistari michache mbele, Musa anawakataza watu wasibakize mana hadi asubuhi. Wapo waliobakiza, ikaingia mabuu, ikanuka. Kwa miaka mingi tuliufafanua mstari huo kuwa ni onyo dhidi ya uchoyo, kisha tukapita. Aliyetufanya turudi na kuusoma upya hakuwa mwalimu wa Maandiko Matakatifu. Alikuwa mama mjane wa Ayalandi mwenye unga mikononi.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2012. Tuliombwa kushika zamu kwa majuma sita katika parokia moja ya kijijini huko Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Nchi ile ilitutumia wamisionari wengi. Jimbo la Moshi lilipoundwa mwaka 1953, askofu wake wa kwanza, Joseph Byrne wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa Mwayalandi. Leo wao ndio wenye uhaba wa mapadre, nasi wana wa migombani twaenda kuwaadhimishia Misa vitukuu wa wale waliotubatizia babu zetu. Mungu ana namna yake ya kulipa madeni.

Jirani wa nyumba ya mapadre alikuwa mama huyo, aliyepita miaka sabini. Kila asubuhi alioka mkate mmoja wa mviringo, wenye alama ya msalaba juu yake, nasi tukaletewa sehemu yetu ukingali moto. Haukuwa mkate wa chachu. Uliumuliwa kwa magadi.

Tusishangae. Magadi tunayafahamu; mama zetu huyatia katika makande na maharage makavu ili yaive upesi. Yale ya kuokea ni ndugu yake, meupe laini, yaliyosafishwa. Yaliingia katika majiko ya Ayalandi miaka ya 1830, yakapokelewa upesi na maskini. Nchi ile ina mvua na unyevu mwingi, ngano yake ni laini, na unga wake haustahimili chachu vizuri. Lakini kila nyumba yenye ng'ombe ilikuwa na mtindi uliobaki baada ya siagi kutolewa. Tena mkate huu haukudai tanuri. Mama yule alikumbuka jinsi mamaye alivyouoka katika chungu cha chuma chenye miguu mitatu, moto chini, na makaa mengine yamepaliwa juu ya kifuniko, vilevile kama akina mama wa kwetu wapaliavyo makaa wakioka mkate wa kumimina. Kuni zao zilikuwa udongo mweusi wa majani yaliyooza, unaokatwa kinamasini na kukaushwa juani.

Watu wale walijua maana ya kuomba mkate. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi, ambavyo kwa maskini vilikuwa karibu chakula chao chote, vikaoza ardhini. Hadi njaa ile ilipokwisha mwaka 1852, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamia ng'ambo. Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati ule, Robert Peel, aliagiza mahindi kutoka Marekani. Watu hawakuyazoea, na kwa kuwa hayakusagwa vema, yakawaumiza matumbo. Tulipowaeleza wanaparokia kwamba kwetu unga wa mahindi ndio chakula chenyewe, walitutazama kwa huruma.

Tulimwomba mama yule atufundishe. Unga wa ngano gramu 450. Chumvi kijiko kimoja cha chai. Magadi ya kuokea kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, kwa maana yakizidi mkate huwa wa manjano na kuonja kama sabuni. Mtindi mililita 350 au zaidi kidogo. Vitu vikavu huchekechwa pamoja, shimo hufanywa katikati, mtindi humiminwa, na mkono mmoja tu, vidole vimetanuliwa na kukakamaa kama mguu wa kuku, huzunguka bakuli mara chache mpaka unga ushikane. Haukandwi. Sisi tuliozoea kuona chapati zikikandwa kwa nguvu tulitaka kuendelea, akatupiga kofi dogo la mkono. Unga ukikandwa sana mkate huwa mgumu. Donge huviringwa kwa wepesi, hubonyezwa kidogo, kisu huchora msalaba wenye kina ili moto ufike katikati, kisha huingia katika jiko la nyuzi 230 kwa robo saa, na nyuzi 200 kwa nusu saa nyingine. Ukigongwa tumboni ulie kama ngoma, umeiva. Zabibu na sukari, alisema, ni za siku za wageni.

Mkate wetu wa kwanza tuliuharibu. Tulikuwa tumekwisha kumimina mtindi simu ilipolia. Mwamini alitaka kubadili saa ya ubatizo, tukazungumza naye kwa robo saa. Tuliporudi, donge lilikuwa limelala. Lilitoka jikoni bapa na zito. Mama akaligonga kwa kidole, akasema, "Padre, huu unafaa kuzuia mlango usifungwe na upepo."

Kisha akatueleza. Mtindi ni mchachu, na magadi ni adui wa uchachu. Mara vinapogusana hutoa hewa ya ukaa, viputo vidogo vinavyouinua unga, na kazi hiyo huanza papo hapo. Jiko sharti liwe moto kabla hujashika mtindi. Ukichelewa, viputo hupotea, wala hakuna namna ya kuvirudisha.

Wapendwa, Bwana wetu alitoa mfano wa mwanamke aliyeficha chachu katika vipimo vitatu vya unga mpaka wote ukaumuka. Sisi wahubiri twaupenda sana mfano ule, nao ni wa kweli: yapo mambo ya chachu, yanayofunikwa na kungojwa usiku kucha. Malezi ya mtoto ni chachu. Uongofu wa mume mlevi, mara nyingi, ni chachu. Lakini tukiri kwamba subira hiyo hutupendeza pia kwa kuwa inaturuhusu kwenda kulala. Yapo na mambo ya magadi. Neno la pole, neno la samahani, mlango wa kumfungulia aliyefika usiku: hayo yakicheleweshwa hulala bakulini. Kati ya somo la pili la leo na lile la Dominika ijayo, Mtume Paulo anaonya kwamba jua lisizame tungali na hasira, nao mstari huo hausomwi katika Dominika zote mbili. Usomeni nyumbani.

Makatekista watatuuliza, kama mmoja alivyokwisha kutuuliza, iwapo mkate huo waweza kuwekwa altareni. Hapana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inadai mkate wa ngano tupu uliofanywa karibuni, na kanuni ya 926 inamtaka padre wa mapokeo ya Kilatini atumie usiotiwa chachu. Huu wa mama ni mkate wa meza ya nyumbani, na kwa leo yatutosha.

Msalaba ule uliugawa mkate katika robo nne. Robo moja alikula mwenyewe, ya pili ilikuwa yetu, ya tatu ya mzee mgonjwa wa jirani. Ya nne ilibaki. Mkate wa magadi haukai; kesho yake umekauka. Kila asubuhi tulimwona akiivunjavunja ile robo ya nne na kuwatupia kuku. Siku moja tukamwuliza kwa nini asioke mdogo zaidi. Akasema hiyo ni robo ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeishi ng'ambo ya barabara na aliyezoea kuja kila jioni kunywa chai. Walikosana kwa ajili ya kipande cha kinamasi kisichotosha kujengea banda la mbuzi. Ilikuwa imepita miaka tisa. Hawakusalimiana hata mlangoni pa kanisa.

Tukamhubiria, bila shaka. Tukamwambia ampelekee. Akajibu, "Kesho, Padre." Kisha, akiendelea kufuta meza, akauliza, "Na wewe huna robo yako?"

Tulikuwa nayo. Mwaka mmoja kabla ya safari tulimshtaki katekista wetu mbele ya kigango chote kwamba fedha za sadaka zimepungua mkononi mwake. Baadaye risiti ilionekana, imebanwa ndani ya kitabu cha ubatizo ambacho sisi wenyewe tulikitunza. Tulikusudia kumwomba radhi. Tulingoja semina ya makatekista, semina ikaahirishwa, tukangoja Pasaka, tukapanda ndege. Yeye aliendelea kufundisha wakatekumeni kila Jumamosi, akitutazama miguuni tulipozungumza naye.

Usiku ule tulipiga simu. Haikupokelewa. Tulimpata siku ya tatu, tukasema yote, na habari ya risiti. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba, naomba mke wangu naye asikie." Akampa simu, ikatubidi kuanza tena tangu mwanzo. Tuliporudi nyumbani tuliyasema mara ya tatu mbele ya kigango chote, kwa kuwa ni mbele yao tulipomvunjia heshima. Mara ile ya pili, kwa mke wake, ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.

Asubuhi baada ya simu ile tulimsimulia mama. Hakusema neno. Aliwasha jiko, akangoja lipate moto, akachekecha unga. Mkate ulipotoka hakuukata. Aliufunga mzima katika kitambaa cha jikoni chenye mistari ya buluu, akavaa koti, akavuka barabara. Hatujui waliambiana nini. Alikaa huko muda usiotosha hata kunywa chai, akarudi mikono mitupu, akatuomba radhi kwamba siku hiyo hatukuwa na robo yetu.

Kesho yake tulipokwenda kufungua kanisa, kitambaa kilikuwa juu ya lango lake, kimefuliwa na kukunjwa.