Wanaofikiri Nje ya Serikali: Mfano wa Japani



Kila tunapogawa maturubai au kufungua kisima, kuna swali linalorudi: "Franga hizi zinatoka wapi, na nani aliamua zije kwetu?" Leo tujibu kwa mfano wa nchi ya mbali, Japani. Huko uamuzi wa siasa ya nje hauanzii kila mara kwa waziri. Mara nyingine unaanzia kwenye meza ya watu wasio na cheo serikalini, ambao kazi yao ni kuchunguza, kuulizana na kuandika. Hao ndio watu wa taasisi huru za utafiti.

Mwaka 1970, Tadashi Yamamoto alianzisha Tokyo kituo kiitwacho kwa kifupi JCIE. Hakikuwa cha serikali. Kiliwakutanisha wabunge, wasomi na wafanyabiashara wa Japani na wenzao wa nje, wazungumze hata yale ambayo balozi hawezi kuyasema mbele ya watu. Mwaka 1997 uchumi wa Asia ulianguka na watu wengi wakapoteza kazi. Desemba 1998, katika mkutano wa wasomi ambao JCIE ilikuwa mmoja wa waandalizi wake, Waziri Mkuu Keizo Obuchi alizungumzia usalama wa binadamu. Maana yake ni kwamba haitoshi kulinda mipaka ya nchi. Mtu mwenyewe alindwe na njaa, ugonjwa, vita na kufukuzwa kwake. Wazo hilo halikuzaliwa Tokyo, kwani ripoti ya UNDP ya mwaka 1994 ilikuwa imelieleza tayari. Lakini wiki mbili baada ya mkutano ule, akiwa Hanoi, Obuchi alitangaza yeni milioni 500 kwa ajili ya mfuko wa usalama wa binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mfuko ukaanza Machi 1999.

Kisha mwaka 2001 ikaundwa tume, ikiongozwa na Sadako Ogata na Amartya Sen. Wazee wa Goma wanalijua jina la mama Ogata. Ndiye aliyekuwa mkuu wa HCR mwezi wa Julai 1994, wakati umati mkubwa wa watu ulipovuka kutoka Rwanda na kipindupindu kikaua maelfu. Ripoti ya tume, iliyotoka mwaka 2003, ina sura nzima juu ya watu wanaohama makwao. Mwaka huohuo mama Ogata akawa mkuu wa JICA, shirika la misaada la Japani, mpaka 2012.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Neno "huru" lina bei. Taasisi nyingine ya Tokyo, JIIA, iliundwa mwaka 1959 kwa juhudi za aliyekuwa waziri mkuu, Shigeru Yoshida, nayo imekuwa karibu sana na wizara ya mambo ya nje. Mwaka 2006 ilikuwa ikitoa maoni kwa Kiingereza, na makala moja ikagusa uzalendo mkali na hekalu la Yasukuni. Mwandishi wa gazeti moja akauliza kwa ukali kwa nini fedha za serikali zinalipia maneno kama hayo. Taasisi ikaomba radhi na kuufunga ukurasa ule. Hakuna aliyefungwa jela, hakuna risasi iliyolia, ila sauti ilinyamaza. Kwetu tunajua kwamba kunyamaza kwa namna hiyo kunaweza kuwa kwepesi sana.

Wengine walishika njia nyingine. Genron NPO, iliyoanzishwa mwaka 2001, imekuwa tangu 2005 ikishirikiana na Wachina kuuliza raia wa nchi zote mbili wanaonaje jirani yao, na majibu yanatangazwa hata yakiwa machungu. Mwaka 2012 ugomvi wa visiwa ulipopamba moto, serikali zilinuniana. Hata hivyo, Oktoba 2013 watu wa mkutano huo wa pande mbili walikaa pamoja Beijing na kusema wazi kwamba vita haikubaliki. Xi Jinping na Shinzo Abe walikuja kukaa kwa mazungumzo rasmi Novemba 2014, mwaka mmoja baadaye. Hatusemi mkutano ule ndio uliowaleta. Tunasema mlango mmoja ulibaki wazi wakati mingine imefungwa.

Sasa, wageni wenye madaftari wakija kambini kuwauliza maswali, nanyi waulizeni: nani anawalipa, ripoti itasomwa na nani, na nakala yetu itarudi lini? Hata sisi tuulizeni. Gazeti hili linalipiwa na wafadhili, na kuna mambo wanayopenda tuyaandike kuliko mengine.