Mota ya Mashine ya Kukausha Nguo Ikikataa, Nani Alipe?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Huenda wengine wenu mwajiuliza, watu wa reli wana habari gani na mashine ya kukausha nguo? Nguo zetu wenyewe hukaushwa na jua juu ya kamba, huko Kibera na Kawangware, na mvua ya Aprili ikishika twazivaa hivyo hivyo mbichi. Swali hilo ni la haki. Lakini wake zetu na dada zetu hutoka Kawangware asubuhi kwa miguu kwenda Lavington, na kutoka Kibera kwenda Kilimani na Woodley, kufua nguo za watu, na mashine hizo huzikuta huko. Mashine ikizimika mikononi mwa mfuaji, neno la kwanza analosikia ni, "Umeniharibia mashine." La pili ni mshahara kukatwa. Tena wako vijana wetu waliofungua vyumba vya kufua kwa malipo huku huku mtaani, kwa mashine zilizokwisha kutumika, nao hupoteza fedha kwa kuambiwa na kila fundi kwamba mota imekufa, wanunue nyingine.

Basi twataka mjue jambo hili: mota haifi kimya. Huacha dalili, na mwenye kuzisoma aweza kusema kama ni mfuaji aliyekosa au ni uzee, au ni stima yenyewe.

Kwanza sheria, maana wengi hawaijui. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa tajiri ruhusa kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali yake iliyoharibika, lakini ni pale tu mfanyakazi alipoiharibu kwa kosa la kusudi. Kuwa karibu na mashine wakati inapokufa si kosa la kusudi. Hata mahali ambapo kukata kumeruhusiwa, makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara kwa mara moja. Mwenye kukatwa mshahara wote, hata awe na kosa, amedhulumiwa.

Sasa tuifungue mashine kwa maneno, kabla ya mtu kuifungua kwa bisibisi.

Ndani mna pipa kubwa la bati ambamo nguo huzunguka. Pipa huvutwa na ukanda mrefu uliolizunguka tumboni, na ukanda huvutwa na mota iliyo chini. Katika mashine nyingi mota hiyo hiyo yazungusha pia feni ya kupitisha hewa ya moto. Yaani mota moja yafanya kazi mbili, na feni ikikwama, pipa nalo lakwama.

Mota yenyewe ina koili mbili za waya. Kama ingekuwa na koili moja tu, ingenguruma bila kujua izunguke upande gani. Wazee wetu walioendesha garimoshi la mvuke watafahamu mara moja. Nendeni kwenye jumba la makumbusho la reli hapa Nairobi, mtazame lile garimoshi nambari 5918, Mount Gelai. Vyuma vya kusukuma magurudumu upande wa kulia na wa kushoto havikufungwa sawasawa. Upande mmoja umetangulia mwingine kwa robo ya mzunguko. Kwa nini? Kwa sababu upande mmoja ukifika mwisho wa mwendo wake hauwezi kusukuma kitu, na hapo mwenzake yuko katikati, ana nguvu zote. Hivyo garimoshi halikosi kuondoka. Katika mota ndogo, kazi hiyo ya kutanguliza robo hufanywa na kapasita, kikopo kidogo kama kopo la dawa, kilichounganishwa na koili ya pili. Kapasita ikichoka, mota haina robo yake. Hunguruma tu.

Basi sikilizeni dalili.

Mashine ikikaa kimya kabisa, msiilaumu mota kwanza. Angalieni fyuzi iliyo ndani ya plagi, ile ya ampea 13. Angalieni mlango umefungwa mpaka swichi yake imelia, maana mlango ukiwa wazi mota haipewi stima. Na kama mashine ilikuwa imefanya kazi muda mrefu, iacheni nusu saa au zaidi. Mota nyingi zina kinga ndani yake inayokata stima zikipata joto kupita kiasi, na zikipoa huirudisha. Tumeona watu wameuza mashine nzima kwa bei ya vyuma chakavu kwa kukosa subira ya nusu saa.

Mashine ikinguruma bila kuzunguka, izimeni upesi, maana kila dakika ya kunguruma yachoma koili. Ng'oeni plagi, kisha zungusheni pipa kwa mkono. Likizunguka vizuri kwa uzito kidogo, shaka ni kapasita. Likiwa zito kama gari lililofungwa breki, kuna kitu kimekwama: soksi, sarafu, waya wa sidiria ndani ya feni, au beringi zimekwisha. Likizunguka jepesi mno, kama halina mwenyewe, ukanda umekatika. Lakini hapo mara nyingi mtasikia mota yakimbia huku pipa limelala.

Ikizunguka dakika chache kisha ikazima, na baada ya kupoa yaanza tena, hiyo ni joto. Nyuzinyuzi za nguo zimejaa kwenye chujio na feni, hewa haipiti. Au nguo zimeshindiliwa mno. Au stima ni dhaifu.

Juu ya stima dhaifu hatuna budi kukaa kidogo, hasa kwa wenye vyumba vya kufua. Stima ya Kenya ni volti 240. Mahali ambapo nyumba nyingi zimeungiwa kutoka waya mmoja mwembamba, kama tuonavyo katika vijiji vingi vya Kibera, jioni volti zaweza kushuka sana. Nguvu ya mota ya namna hii haishuki sawa na volti, hushuka zaidi. Volti zikishuka kuwa 180, yaani robo tatu, nguvu ya kuanza kuzunguka yabaki robo tatu ya robo tatu: sehemu 9 katika 16, zaidi kidogo ya nusu. Mota yajitahidi, yavuta stima nyingi, yapata moto, yafa. Fundi aweka mpya, nayo yafa. Hapo kubadilisha mota ni kazi bure. Na aliyeletewa mashine kutoka Marekani ajue kwamba stima ya majumbani kule si kama yetu, na mota za mashine zao kwa kawaida ni za volti 120. Ikifungwa kwa stima yetu bila matengenezo, itaungua, na aliyeifunga hivyo ndiye wa kuulizwa.

Harufu kali ya rangi iliyoungua, na koili zilizokuwa nyekundu au za dhahabu zimekuwa nyeusi, hapo mota imekwisha kweli. Lakini hata hapo ulizeni, iliungua kwa nini?

Mama mmoja wa Kawangware alikatwa shilingi 3,000 kwa mwezi, ati alipe 9,000 za mota. Tulikwenda na fundi, tajiri akaturuhusu kutazama. Kapasita ilikuwa imevimba kama mkate, na feni ilikuwa imevaa koti la nyuzinyuzi la miaka. Mama yule hakuwa ameonyeshwa hata siku moja mahali pa kusafishia, naye alikuwa na miezi minne tu katika nyumba hiyo. Mota yenyewe ilikuwa nzima. Kapasita mpya ilinunuliwa kwa fedha kidogo sana kuliko hizo, na pipa likazunguka. Makato ya miezi iliyobaki yalikoma. Zile 3,000 za kwanza hazijarudishwa mpaka leo, na kwa maoni yetu ni deni.

Twaomba sana, ndugu, msifanye ushujaa na kapasita. Plagi ikisha kung'olewa, kikopo kile chaweza bado kushika stima ya kumtupa mtu. Fundi mwenye akili huimaliza kwa kuigusisha nyaya za balbu ya zamani kwenye miguu yake miwili, asishike chuma kwa mkono. Kisha aitoe na kuweka yenye nambari ile ile ya maikrofaradi, na volti zisizopungua zilizoandikwa. Koili hupimwa kwa mita: kila koili ionyeshe njia, lakini kati ya koili na mwili wa mota kusiwe na njia hata kidogo. Ikiwapo, mashine hiyo yaweza kuua mfuaji mwenye mikono ya maji, na hakuna mtu wa kumlazimisha aiguse. Akatae.

Mfuaji si lazima awe fundi. Lakini siku mashine inapozimika, aandike kwenye karatasi, au amwambie mtoto wa shule amwandikie: tarehe na saa, ilikuwa kimya au ilinguruma, kulikuwa na harufu gani, pipa lilikuwa zito au jepesi, chujio lilisafishwa lini, na nani alimwonyesha kulisafisha, taa za nyumba zilikuwa zimefifia au la. Aombe fundi atazame yeye akiwapo, na kitu kilichotolewa kisitupwe. Mshahara ukikatwa, achukue karatasi hiyo kwa chama chake au Ofisi ya Kazi. Katibu wa tawi ana nakala za karatasi yenye maswali haya, na mita ya kupimia iko katika kabati lake. Atakayeiazima aandike jina, na airudishe kabla ya Jumamosi, maana kuna wawili wa Kibera wanaoingoja.