Santiago, Tiago na Diego: Asili ya Jina la Mtu na la Ukoo katika Lugha za Kiromansi

Asili ya jina haithibitishwi kwa mfanano wa sauti peke yake. Kanuni hiyo ya isimu linganishi hudhihirika katika historia ya jina la Kiebrania Ya'aqov, ambalo kwa njia ya Kiyunani liliingia katika Kilatini likawa Iacobus.

Kilatini cha baadaye kilikuwa na maumbo mawili, Iacobus na Iacomus. Umbo la kwanza lilizaa Iago katika Rasi ya Iberia: /k/ iliyo baina ya irabu ilighunishwa ikawa /g/, na /b/ ikadondoka. Umbo la pili lilizaa Giacomo la Kitaliano, Jaume la Kikatalani na Jaime la Kihispania. Ndiyo maana mfalme mmoja wa Aragon, aliyefariki mwaka 1276, huitwa Jaume I na vilevile Jaime I.

Ibada ya mtakatifu iliongeza tawi jingine. Sant Iago, yaani Mtakatifu Yakobo, liliungana likawa Santiago. Baadaye wasemaji waliligawa upya, wakaihesabu /t/ kuwa mwanzo wa jina. Kireno kikapata Tiago. Mchakato huo si mgeni kwa Kiswahili: neno la Kiarabu kitāb lilichukuliwa kana kwamba ki- yake ni kiambishi cha ngeli, na wingi wake ukawa vitabu.

Je, Diego nalo ni tunda la Santiago? Wengi huamini hivyo, lakini nyaraka zinakataa. Hati za Kilatini za Zama za Kati huliandika Didacus, si Iacobus. Jina la ukoo Díaz, lenye maana ya "mwana wa Diego", linatoa ushahidi huohuo. Rodrigo Díaz de Vivar, aliyefariki mwaka 1099, huandikwa kwa Kilatini Rodericus Didaci, na Didaci ni umbo milikishi la Didacus. Hata Mtakatifu Diego wa Alcalá, ambaye mji wa San Diego nchini Marekani una jina lake, kwa Kilatini ni Didacus.

Asili ya Didacus yenyewe ingali inabishaniwa. Baadhi ya wataalamu hulihusisha na neno la Kiyunani lenye maana ya mafundisho. Hata hivyo, ubishi huo haulirudishi jina hilo kwa Yakobo. Kwa mwanaleksikografia wa Kiswahili funzo ni lilelile: sauti huzua dhana, nyaraka ndizo huamua.