Kuchagua Mkongojo Mwepesi

Leo ni zamu ya mkongojo, na usidhani ni wa wazee peke yao. Mjini Moshi wapandaji wa Kilimanjaro hukodi fimbo za kutembelea kwa jozi, maana kushuka kutoka mita 5,895 za kilele cha Uhuru ndiko kunakotesa magoti.

Uzito kwanza. Fimbo ya alumini ni nyepesi, na ikizidiwa aghalabu hupinda. Ya nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi, lakini ni ghali na inaweza kukatika ghafla. Kwa njia ya mawe, mimi ningechukua alumini.

Kwenye urefu ndiko wengi hukosea. Vaa viatu unavyotembelea, simama wima, mikono ining'inie. Kishikio cha mkongojo wa kila siku kifike usawa wa kifundo cha mkono. Ukikishika, kiwiko kipinde kidogo tu. Fimbo ya mlimani huwa ndefu zaidi: kwenye tambarare kiwiko kifanye pembe mraba. Ukipanda ifupishe, ukishuka irefushe.

Mguu wa kulia ukiuma, shika mkongojo kwa mkono wa kushoto. Najua, waigizaji wengi hufanya kinyume! Mkongojo na mguu mbovu husogea pamoja, ukaupunguzia mguu huo mzigo.

Kabla ya kulipa, pindua utazame mpira wa chini. Ukilika hadi mistari ikafutika, utateleza kwenye vigae vyenye maji. Habari njema: mpira huo huuzwa peke yake. Na kama umekuwa ukianguka mara kwa mara, mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia.