Mashua yetu: tusianze na rangi

(Maneno niliyotoa kwa mkutano wa wanachama, Kabambare)

Najua komite imekwisha kununua rangi ya buluu. Ni rangi nzuri. Lakini naomba tuiweke pembeni kwanza.

Mashua ile iliyolala nyuma ya nyumba yangu si ya muti kama mitumbwi yetu ya Luama. Ni ya fibra: nyuzi za kioo zilizoshikana na rezini. Muti ukioza, unaingiza kisu na unajua. Fibra inaficha ugonjwa chini ya ngozi. Nilipiga-piga tumbo lake lote na mupini wa kisu. Pahali pazima panalia ko, ko. Kule nyuma, pale motere ilifungwa, palilia bu, kama ngoma iliyolowa. Tena kuna malengelenge. Nikatoboa moja, yakatoka maji yenye harufu ya siki. Maji yamekwisha kuingia ndani ya ukuta.

Nitawaambia aibu yangu. Miaka yangu ya kwanza kwa kazi, tulikuwa na mashua nyingine kama hii. Wakubwa walitaka picha ya ripoti, nami nikapaka rangi haraka juu ya nyufa. Kwa picha ilipendeza sana! Siku moja ya soko, katikati ya maji, ufa ulifunguka. Watu tuliwatoa wote, Mungu asifiwe. Magunia ya muchele ya wamama sita yalibaki chini. Mama mumoja hakunitukana. Aliniuliza tu: «Ile rangi ililipwa franka ngapi?» Mpaka leo sijamujibu.

Kwa hiyo hii tutaikausha. Tutaipindua juu ya magogo, bashi juu, upepo upite chini. Jioni tunabandika kipande cha plastiki na skochi. Asubuhi tukikuta jasho ndani yake, bado. Inaweza kuchukua wiki nyingi, musinisukume. Mwaka 1876 Stanley alipita hapa Kabambare na mashua yake Lady Alice, wapagazi wameibeba vipande-vipande. Sisi yetu tutaibeba nzima mpaka kwa mto, basi tusibebe na maji ya bure.

Kusugua, tutasugua na msasa na maji, kwa sababu vumbi lake linawasha na linaharibu mapafu. Watoto wakae mbali. Dawa ya kugandisha rezini ni kidogo sana: gramu 10 mpaka 20 kwa kilo 1, na kwa joto letu tutabaki karibu na 10. Ikiruka kwa macho inaweza kupofusha. Anayechanganya avae miwani.

Rangi ya komite itafaa kwa sehemu ya juu. Chini, panapokaa ndani ya maji, itavimba na kubanduka. Pale panaomba rangi ya mashua. Na rezini hatujanunua hata kilo moja.

Kwa kesi imebaki ile pesa ya sherehe ya kuzindua: soda, mbuzi na kitambaa cha kuandika jina letu. Mimi naomba yote iende kwa rezini. Anayekataa anyooshe mukono sasa, tuongee.